UKURASA WA FUNDI: Tubadili difu, au tuhesabu kwanza?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya cherehani. Mwezi huu tumeletewa barua inayohusu gari, lakini ukiisoma vizuri utaona inahusu sufuria ya jikoni na madaftari ya watoto.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa hapa Dzaleka. Yeye na wenzake kumi na mmoja wanaweka akiba pamoja, kwa ule mtindo tuliojifunza kwa wenyeji wetu, banki mkhonde. Anaandika hivi:

"Sisi tunauza samaki. Mwenye gari ni jirani yetu Mmalawi, anakaa Area 47 kule Lilongwe, na ni yeye mwenyewe anayeendesha. Gari ni Toyota Hilux ya zamani, ya dizeli, ile ya kuvuta magurudumu manne. Mara mbili kwa wiki anashuka Salima kuchukua usipa, anatuletea hapa kambini. Amelitunza, hata matairi makubwa ya 7.50 alilifunga baada ya mvua zilizopita, likapendeza. Lakini siku hizi limechoka. Likiwa na mzigo, kwenye mpando linakwenda na gia ya pili, linatoa moshi mweusi, na mshale wa joto unapanda. Samaki wanachelewa. Fundi amesema injini ni nzima, dawa ni kubadili difu ya nyuma, atie ya 4.875 iliyotoka kwenye gari lililokufa. Mwenye gari hela haimtoshi. Ameomba kundi litoe nusu, tutakatana kwenye nauli. Hela hiyo ni ya mgao wetu wa mwisho wa mwaka, ndiyo ya mbegu na sare za shule. Wenzangu wengine wanasema tutoe, wengine wanasema tusitoe. Na hiyo 4.875 maana yake ni nini?"

Mama, asante sana. Swali lako la mwisho ndilo tutakalolijibu kwanza, kwa sababu ukilijua hilo, lile la hela litajijibu karibu lenyewe. Na hatuongei na wewe peke yako. Tangu Mei 2023, familia nyingi zilizokuwa na maduka mijini zilirudishwa kambini, na biashara nyingi za humu sasa zinategemea gari la mtu mwingine kuleta mzigo. Tena kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, na spea zinatoka nje. Gari la jirani likisimama, si jirani peke yake anayelala na njaa.

DIFU NI KITU GANI?

Difu ni ile boga ya chuma iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndugu zetu waliojifunzia ufundi Bukavu, Uvira au Bujumbura wanaiita ponti. Injini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha propela, ile nguzo ndefu inayopita chini ya gari, na propela inaingia kwenye difu. Ndani ya difu kuna gia mbili kubwa za kazi. Ndogo inaitwa pinioni, kubwa inaitwa krauni. Pinioni inaizungusha krauni, na krauni inayazungusha magurudumu.

Sasa ile namba. Chukua difu ambayo pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 43. Gawanya 43 kwa 10, unapata 4.30. Maana yake propela lazima izunguke mara nne na kidogo ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ile ya fundi wenu, 4.875, ina meno 39 kwenye krauni na 8 kwenye pinioni. Propela inazunguka karibu mara tano kwa gurudumu mara moja. Kwa Toyota za aina hiyo kuna pia za 41 kwa 10, yaani 4.10, za 43 kwa 11, yaani 3.909, na za 41 kwa 9, yaani 4.556.

Mtu asiyeshika hesabu amtazame kijana wa kabaza. Ukimpa baiskeli yenye gia ndogo nyuma, kwenye tambarare anakimbia kama upepo, lakini mpe gunia la mahindi na mpando, atashuka asukume. Mfungie gia kubwa nyuma, atapanda na gunia lake, ila miguu itazunguka sana na mwendo utakuwa wa polepole. Miguu ni ile ile, ugali aliokula ni ule ule. Hakuongezewa nguvu hata kidogo. Amebadilishiwa tu: ametoa mbio, amepata mvuto.

Difu ni hivyo hivyo. Namba ikipanda, gari linavuta vizuri na mbio zinapungua. Namba ikishuka, gari linakimbia na injini inatulia, lakini mzigo unalilemea. Kwa hiyo fundi akikuambia "difu hii itaongeza nguvu ya injini", mwambie kwa heshima: "Hapana fundi, itabadilisha tu nguvu iliyopo." Injini iliyochoka ukiifungia difu ya 4.875 inabaki injini iliyochoka, inayopiga kelele zaidi.

TAIRI NALO NI GIA

Hapa ndipo barua ya mama ilipotushtua, kwenye yale maneno "likapendeza".

Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja gari linakwenda mbali zaidi. Ni sawa na kumfungia kijana wa kabaza gia ndogo nyuma. Hilux nyingi za aina hiyo za kuvuta magurudumu manne zilitoka na tairi la 205R16. Ukiweka alama ya chaki kwenye tairi na chini kwenye udongo, ukalisukuma gari mpaka alama irudi chini, halafu ukapima kwa futi ya fundi cherehani, tairi hilo litakupa kama mita 2.25. Lile la 7.50 la inchi 16 litakupa kama mita 2.47. Tofauti ni karibu 10 kwa kila 100.

Sasa tufanye hesabu pamoja, mtoto wa darasa la saba atusaidie. Kama gari lilitoka kiwandani na difu ya 4.30, basi kwa tairi kubwa ni kama vile difu imekuwa 3.92. Yaani bwana huyu amebadili difu yake bila kufungua hata nati moja! Ameipeleka upande wa mbio, wakati kazi yake ni mzigo na milima.

Na hiyo milima si ya kuchezea. Ziwa letu liko karibu mita 475 juu ya bahari. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000, na uwanda wetu wa Dowa uko juu zaidi. Kila safari ya samaki, gari linashuka tupu na kupanda limejaa, zaidi ya mita 500 za kupanda. Hapo tofauti ya 10 kwa 100 unaisikia. Gia ya tatu iliyokuwa inatosha haitoshi tena, dereva anarudi ya pili, anakanyaga mafuta yote, moshi mweusi unatoka, mshale wa joto unapanda. Na dizeli yenyewe tunajua jinsi ilivyokuwa adimu mara kwa mara tangu 2022.

Kuna jambo lingine tunaloliogopa zaidi. Spidimita ya gari hilo inahesabu mizunguko ya propela, haijui kwamba tairi limebadilishwa. Ikionyesha 80, gari liko karibu 88. Dereva anajiona yuko mwendo wa kawaida, kumbe anakwenda kasi, tena na watu wa matola wamekaa juu ya mzigo. Tafadhali mwambieni hili hata kabla hamjamaliza kusoma.

JINSI YA KUIJUA NAMBA YA GARI LENU

Usikubali kununua difu ya namba fulani wakati namba iliyomo kwenye gari hamuijui. Magari haya ya zamani yamepita mikono mingi. Mengine yalikuja kutoka Japani, mengine Afrika Kusini, na huko nyuma mtu anaweza kuwa aliibadili. Kuna kibati chini ya boneti chenye alama ya ekseli, lakini kibati kinasema gari lilivyozaliwa tu. Sisi tunapenda kuhesabu kwa macho yetu. Haigharimu kitu.

Weka gari mahali tambarare kabisa. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe mbele na nyuma. Inua gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi imara, usiamini jeki peke yake. Tunarudia, usiamini jeki peke yake. Gia iwe huru, breki ya mkono iachwe, na lever ya magurudumu manne iwe kwenye mawili. Piga alama ya chaki kwenye tairi lililoinuliwa na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe tairi, mwingine ahesabu propela.

Kwa kuwa gurudumu moja limesimama chini, lile lililo juu lazima lizunguke mara mbili ili krauni izunguke mara moja. Basi zungusha tairi mara 20 kamili. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.10. Ikizunguka 43, ni 4.30. Ikizunguka 45 na nusu, ni 4.556. Ikikaribia 49, ni 4.875, na hapo mtashangaa pamoja, kwa sababu fundi alitaka kuwauzia kitu ambacho tayari mnacho. Ukizungusha mara mbili tu utapata "nne na kidogo", na hicho kidogo hakitakuambia ni 4.10 au 4.30. Ndiyo maana tunasema mara 20.

Kisha andikeni kwenye karatasi namba tatu: difu iliyomo, kipimo cha tairi lililomo, na kipimo cha tairi la asili. Bila karatasi hiyo, hakuna hela inayotoka kwenye sanduku.

VITU VYA BEI NDOGO VIANZE

Moshi mweusi na kushindwa mlima si lazima viwe ugonjwa wa difu. Kabla ya kufungua chochote, fundi aangalie haya. Filta ya hewa: kwa vumbi letu la kiangazi inaziba upesi, na injini isiyopumua inatoa moshi mweusi. Filta ya dizeli: mafuta ya kwenye madumu yana uchafu na maji. Klachi: kama injini inanguruma na gari haliongezi mwendo, klachi inateleza, na difu mpya haitaiponya. Breki: baada ya safari, gusa kila rimu kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki imekamata, gari linapanda mlima huku linafunga breki. Maji na rejeta, kwa ajili ya huo mshale wa joto. Na uzito: je, mzigo wa mwaka huu ni ule ule wa mwaka jana, au makreti yameongezeka?

Yote hayo ni bei ya kuku mmoja au wawili. Mtu asiruke kuku akaenda kununua ng'ombe.

KAMA DIFU INABADILISHWA KWELI

Tuseme mmeangalia yote, na njia ya mashimo na tope inamlazimisha mwenye gari kubaki na matairi makubwa. Hapo kubadili difu ni dawa halali. Kwa tairi la mita 2.47, ili gari livute kama lilivyotoka kiwandani na 4.30, mnahitaji difu ya kama 4.72. Hiyo haipo dukani. Zilizopo karibu ni 4.556 na 4.875, na kwa mlima wa samaki ya 4.875 ndiyo tungechagua. Spidimita nayo itakaribia kusema kweli: mkiwa mwendo wa 80 itaonyesha kama 83. Kwa hiyo fundi hakuokota namba yake hewani, tumpe haki yake.

Lakini kuna neno moja kwenye barua ambalo lazima tulipigie kengele: "difu ya nyuma". Gari hili linavuta magurudumu manne. Lina difu mbili, ya nyuma na ya mbele, na namba zake lazima zifanane. Ukiweka 4.875 nyuma ukaacha 4.30 mbele, siku dereva amekwama kwenye tope akavuta lever ya magurudumu manne, ekseli ya nyuma itataka kwenda mwendo wake na ya mbele wake, na zote mbili zimefungwa kwenye giaboksi moja. Kwenye tope tairi zitateleza na kuvumilia kidogo. Kwenye njia kavu kitu kitavunjika: meno, propela, au giaboksi ndogo ya magurudumu manne. Kwa hiyo bei mliyoambiwa ni ya nusu ya kazi. Ama difu mbili zinunuliwe, ama propela ya mbele ivuliwe na mwenye gari akubali kwamba gari lake sasa ni la magurudumu mawili. Asiambiwe tu "usiivute hiyo lever". Siku moja atampa mtu mwingine aendeshe.

Kazi yenyewe kwenye Hilux si ya miujiza, ila inataka utaratibu. Kichwa cha difu kinatoka kizima kwa mbele. Kwanza oili inamwagwa. Kisha propela inafunguliwa, ikiwa imepigwa alama ili irudi ilivyokuwa. Ngoma za breki zinatoka, paipu za breki na nyaya za breki ya mkono zinafunguliwa, na shafti mbili zinavutwa nje. Ndipo nati kumi zinazozunguka kichwa zinafunguliwa. Kichwa ni kizito, wawe watu wawili, vidole vya mtu visije vikabaki chini yake.

Nunueni kichwa kizima, msinunue krauni huku na pinioni kule. Gia hizi mbili zinasagwa pamoja kiwandani, ni kama mume na mke waliozoeana. Ukiziachanisha na kuziunga na wageni, zitalia "wuuu" njia nzima, na mwisho zitatafunana. Hata zilizozoeana zinafungwa kwa kipimo. Uchezaji kati ya krauni na pinioni kwa difu hii ni milimita 0.13 hadi 0.18, yaani unene wa karatasi moja au mbili. Hupimwi kwa kutikisa na mkono na kusema "iko sawa". Kuna saa yake ya kupimia. Fundi asiyekuwa nayo aache kichwa kama kilivyofungwa kiwandani, asikifungue.

Kabla ya kulipa, zungusheni pinioni kwa mkono. Izunguke laini, isikwaruze. Tazameni meno yote kwa tochi: yasiwe na mashimo kama ya ukurutu, yasiwe na rangi ya bluu iliyotokana na joto. Hesabuni meno, msisome tu alama ya rangi aliyoandika muuzaji. Oili iliyobaki ndani ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia, achaneni nayo. Hesabuni pia meno ya ndani zinapoingia shafti, yawe sawa na ya shafti zenu.

Likishafungwa, oili iwe ile ya difu, 80W-90 ya daraja la GL-5, ijae mpaka mdomo wa tundu la kujazia. Oili ya injini iliyotumika isitiwe humo hata kama ni ya bure. Na kwa kuwa paipu za breki zilifunguliwa, breki lazima zitolewe hewa na zijaribiwe gari likiwa tupu, hapa hapa kwenye tambarare. Kuna magari yanayotoka gereji yakivuta vizuri sana na kushindwa kusimama. Baada ya safari ya kwanza fupi, simameni, gusa boga: joto la kawaida ni sawa, la kuunguza siyo. Angalieni kama oili inavuja.

Na tusidanganyane, difu ya namba kubwa haiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Springi ni zile zile, breki ni zile zile, chasisi ni ile ile. Gari likianza kupanda vizuri, kishawishi ni kuongeza makreti matatu na watu wanne juu. Kitakachopanda lazima pia kishuke.

MASWALI KWA FUNDI

Mama, siku mtakapokaa na fundi na mwenye gari, ulizeni haya, na majibu yaandikwe:

Moja, difu iliyomo sasa ni namba gani, na nani ameihesabu?
Mbili, mmeangalia filta, klachi na breki?
Tatu, bei ni ya difu moja au mbili?
Nne, kichwa ni kizima cha kiwandani au kimeungwaungwa?
Tano, ikilia ndani ya mwezi mmoja, nani anarudisha hela?

Akina mama wengine hukaa kimya mambo ya gari yanapoongelewa, wanasema hayo ni ya wanaume. Hela ikiwa ya wote, swali ni la wote. Fundi mzuri hachukii kuulizwa, anafurahi. Tunao mafundi wazuri humu kambini, waliofunga magari kwenye barabara mbaya kuliko hizi, na tumewaona wakimhesabia mteja meno mbele yake, moja moja, kwa chaki.

TUNGEFANYA NINI SISI?

Tungemwambia mwenye gari hivi: "Bwana, tunakuheshimu, na bila gari lako hatuna soko. Kwanza tuhesabu. Kama difu yako ni 4.30 kama tunavyodhani, azima au badilishana na mtu seti ya matairi ya 205 kwa safari moja ya Salima, na mzigo ule ule." Kwenye tairi dogo, mwendo wa 80 kwa gia ya nne, injini itazunguka kama mara 2,550 kwa dakika. Kwa tairi kubwa inazunguka kama 2,320. Safari hiyo moja itatoa jibu ambalo mabishano ya wiki nzima hayatoi.

Gari likipanda vizuri, basi ugonjwa umejulikana. Matairi makubwa yauzwe yangali na uhai, yanunuliwe ya kipimo cha asili, na huenda mgao wenu usiguswe kabisa. Kwa tahadhari tu: mkirudisha matairi madogo, msibadili tena difu kuwa 4.875. Mkifanya yote mawili, kwa mwendo ule ule wa 80 injini itazunguka karibu 2,890, itapiga kelele mpaka Lilongwe, itakunywa dizeli bure, na spidimita itasema 91.

Gari likishindwa hata kwa matairi madogo, difu haikuwa na hatia. Rudini kwenye injini, pampu na filta.

Na ikibidi hela ya kundi iingie kwenye gari, iwe ni mkopo wenye karatasi, siyo ahadi ya barabarani. Andikeni kiasi, safari ngapi zitakatwa nauli, na itakuwaje gari likiuzwa au likifa kabla deni halijaisha. Mwenye gari atie sahihi, kundi litie sahihi, na viongozi wa mtaa wawe mashahidi. Hiyo siyo kukosa imani na jirani. Karatasi ndiyo inayowaacha mkiwa majirani. Na jamani, mtu asiende kwa katapila kujazia hela ya difu. Riba ya huko inapanda mlima hata bila gia.

Mkisha kuhesabu, tuleteeni zile namba tatu hapa ofisini, tutazitazama pamoja na kuwajulisha wasomaji gari limepandaje. Kuna pikapu nyingine humu zilizofungwa matairi makubwa kwa ajili ya kupendeza, na wenyewe wanalaumu injini.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu swali la kijana anayetaka kujua kwa nini betri za sola zinakufa kabla ya mwaka. Wenye maswali mengine wayaandike kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kinyarwanda au Chichewa, tutapata wa kututafsiria. Kaeni salama, na mlio barabarani, punguzeni mwendo.